Herufi Kubwa kwa Mkubwa

Jumatatu, 7 Septemba 1987

Siku kubwa kiwandani. Imeletwa skrini mpya ya kompyuta. Herufi zake si za kijani kama zetu. Ni za rangi ya chungwa! Imewekwa kwenye meza iliyo kati yangu na Muturi, na tangu hapo hakuna aliyefanya kazi idara ya hesabu. Hata watu wa kupika sabuni walikuja na aproni zao kuichungulia dirishani.

Bwana Nyamai, meneja wetu, ametangaza kwamba makao makuu yanataka skrini za aina moja. Zote za kijani au zote za chungwa. Kila mtu atoe maoni yake kwenye Ubao. Ijumaa ya wiki ijayo ataamua.

Ijumaa hiyo hiyo ataamua jambo jingine. Mimi na Muturi tumo kwenye majaribio. Nafasi ya karani wa kudumu ni moja. Mmoja atathibitishwa, mwingine atarudi kwao. Kwetu ni Murang'a. Nikirudi, baba atanipa jembe kabla ya kunipa chai.

Ubao wenyewe si ubao. Uko ndani ya mashine. Unaandika neno lako, unabonyeza kitufe, nalo linatokea kwenye skrini za wote. Bi. Beldina, mkuu wa chumba cha kompyuta, ametufundisha adabu zake. Sema kwa ufupi. Usiandike kwa herufi kubwa tupu, maana ni kama kupiga kelele. Usiandike mbele ya watu usichoweza kutamka mbele ya watu. Nilitikisa kichwa kwa kila sharti. Mimi hutikisa kichwa hata ninapopinga. Ni salama zaidi.

Muturi hakungoja hata chai. Akaandika: "machungwa. kijani inaumiza macho." Basi! Hakuna salamu, hakuna "Bwana Meneja", hakuna herufi kubwa hata moja mwanzoni. Kijana wa mjini, wa mtaa wa Dandora kabisa. Ofisi ikacheka, na nusu yake ikakubali.

Mpango wangu: kujua rangi anayoipenda Bwana Nyamai, kisha kuipenda kabla hajaitangaza. Nimemchunguza kutwa nzima kwa jicho la pembeni. Tai yake ni ya kijani. Yamekwisha. Kijani!

Jumanne, 8 Septemba

Ushindi wa kwanza!

Nimeandika kwenye Ubao. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua bila salamu ni kama mgeni aliyeingia kupitia dirishani. Kwa hiyo nilianza na anwani yangu upande wa kulia: NAFTALY KAMANDE, KITI CHA PILI KUTOKA MLANGONI, IDARA YA HESABU, BABA DOGO. Kisha tarehe. Kisha: KWA MHESHIMIWA BWANA MENEJA. KWANZA POKEA SALAMU NYINGI KAMA MAJANI CHAI YA LIMURU. NATUMAINI U BUHERI WA AFYA. MIMI HUKU NI MZIMA, HOFU NA MASHAKA NI KWAKO WEWE ULIYE MBALI.

Yuko hatua chache tu kutoka kwangu, nyuma ya kioo, lakini ndivyo inavyoandikwa.

Herufi zote kubwa. Bi. Beldina aseme atakalo. Herufi ndogo ni za wadogo wenzangu. Mkubwa huandikiwa kwa herufi kubwa. Lugha yenyewe inasema!

Salamu zilijaza skrini yote. Neno la mwisho lililoonekana chini kabisa lilikuwa DHUMUNI. Kijani chenyewe kilikuwa ukurasa wa tatu. Sikujali. Mwenye haja atabonyeza kitufe aendelee.

Bwana Nyamai akatoka ofisini kwake. Akasimama mbele yangu, akasema kwamba yeye pia ni mzima, ila kichwa kinamgonga jioni, na ahsante kwa kuuliza. Akarudi ndani.

Muturi akainama juu ya meza. "Naftaly, ulikuwa unamsalimia mzee au unamposa?"

Wivu.

Jumatano, 9 Septemba

Balaa!

Wakati wa chai nimemwona Bwana Nyamai amekaa peke yake mbele ya skrini ya chungwa. Uso karibu kabisa na kioo. Akasema polepole kwamba inamkumbusha machungwa ya kwao Machakos. Na leo tai yake ni ya kahawia!

Na mimi nimo kwenye ukurasa wa tatu, nimeisifu kijani, nimeita chungwa "rangi ya walevi".

Nilikwenda chooni nikatulia. Kisha nikafikiri. Nani amefika ukurasa wa tatu? Niliuliza kwa werevu mwingi, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Karani wa stoo hakufika. Mpokea simu hakufika. Wote waliishia kwenye majani chai ya Limuru. Mungu ni mwema na watu ni wavivu.

Kwa hiyo nimeandika upya. Anwani, tarehe, salamu, hofu na mashaka, na ukurasa wa tatu nikahamia chungwa bila kelele.

Kelele! Hilo ndilo neno la Bi. Beldina. Alitoka kwenye chumba chake chenye baridi, sweta mabegani, akaniuliza mbele ya watu kwa nini napiga kelele tangu jana. Nikamwambia kwa adabu kwamba sijafungua mdomo tangu asubuhi. Ofisi ikavunjika mbavu. Akasema kaka yangu, herufi, herufi! Nikatikisa kichwa.

Alhamisi, 10 Septemba

Ubao umewaka moto. Watu wa stoo wameandika kwamba chungwa ni rangi ya homa ya manjano. Watu wa mauzo wakajibu kwamba kijani ni rangi ya mchicha uliolala. Stoo wakasema wanaopenda chungwa hawana kazi ya kufanya, ndiyo maana wana muda wa kuumwa macho. Mpokea simu akaomba amani kwa mstari mmoja, na pande zote mbili zikamgeukia.

Bi. Beldina ameandika mara mbili: "Wenzangu, adabu." Mara ya pili mtu akamjibu: "adabu ya kijani au ya chungwa?"

Mimi sikuandika kitu. Nilimtazama Bwana Nyamai. Anatazama skrini, anasugua paji la uso, anazima taa, anawasha taa. Haeleweki! Asubuhi alipita kwenye meza za kijani akasema "vizuri". Mchana alipita kwenye meza ya chungwa akasema "vizuri". Mtu mgumu kusaidiwa.

Jumapili, 13 Septemba

Tata Waruguru, dada wa mama yangu, amenimaliza. Mimi hukaa kwake hapa mtaani Jericho, naye huuza viazi na kabichi sokoni. Leo baada ya ibada akasimama mbele ya kina mama wa kanisa akatangaza kwamba mtoto wa dada yake ameandikwa kazi ya kudumu kwenye kompyuta. Wakapiga vigelegele. Wakapanga kuja kumshukuru Mungu pamoja nasi kwa chai na maandazi Jumapili ijayo.

Nikamnong'oneza kwamba bado sijathibitishwa. Akanijibu kwa sauti ya soko kwamba imani ni kushukuru kabla, na nisimwaibishe.

Sikula.

Jioni tulikwenda kwa jirani, Mama Teresiah, kutazama habari. Televisheni yake ni ya nyeusi na nyeupe, lakini amebandika mbele yake ile karatasi ya plastiki yenye rangi. Buluu juu, kahawia katikati, kijani chini. Msomaji wa habari alikuwa na paji la uso la buluu na shingo ya kijani. Mama Teresiah haruhusu mtu aseme kwamba si televisheni ya rangi.

Watu walitazama habari. Mimi nilitazama plastiki.

Wazo! Kubwa mno. Nikamwaga chai.

Jumatatu, 14 Septemba

Ushindi usio na mfano!

Nimepata karatasi ya nailoni ya rangi ya chungwa, ile inayofunika chupa za kinywaji cha glukosi wanachopelekewa wagonjwa. Nimeibandika kwa selotepu juu ya skrini yangu ya kijani, ukingo wa juu peke yake, ili ining'inie kama pazia. Wakija watu wa chungwa, naishusha. Wakija watu wa kijani, naipandisha. Nani mwenye akili kama hii katika mtaa mzima wa Baba Dogo?

Kutwa nilipandisha na kushusha. Stoo wakanipa mkono. Mauzo wakanipa peremende. Muturi peke yake ndiye aliyeona pande zote mbili, kwa kuwa yuko ubavuni. Akasema: "Buda, wewe ni mtu au ni kinyonga?" Nikamwambia ni kinga ya vumbi.

Saa za alasiri, hatari. Bwana Nyamai alitokea nyuma yangu bila viatu vyake kusikika. Sikujua yuko rangi gani leo! Pazia likabaki nusu. Juu chungwa, chini kijani. Akainama. Pua yake ikagusa nailoni. Akaniuliza nimefanya nini.

Akakaa hapo muda mrefu. Akashusha pazia mwenyewe mpaka chini. Akasoma kitu. Akasema "mm", akaondoka.

"Mm" ya namna gani? Ya kumthibitisha mtu au ya kumfukuza? Nimeijaribu mbele ya kioo cha Tata kwa namna zote. Zinafanana.

Jumatano, 16 Septemba

Leo Muturi amejichimbia kaburi. Mimi nimekuja na koleo.

Asubuhi ameandika kwenye Ubao: "mzee aamue bwana. au tungoje avae tai nyingine?" Watu walicheka mpaka wakashika meza. Bwana Nyamai hakucheka. Nilimwona akiiinamia skrini yake, akikunja uso kama mtu anayesoma jina la kituo kwa mbali, kisha akamwita mpokea simu amsomee. Aliposomewa, akafunga mlango.

Nikasema moyoni: bado kidogo tu. Ukiongeza tusi moja, Muturi kwisha.

Alipokwenda kunywa chai ya alasiri aliiacha skrini yake wazi, yenye jina lake. Nikaketi kitini pake. Sijawahi kuogopa hivyo tangu mtihani wa darasa la saba. Nikaandika kama Muturi.

Lakini nitamtukanaje mtu mzima bila kumwamkua? Vidole vilikataa. Nilijaribu kuanza na tusi mara tatu, mara tatu nikafuta. Mwishowe nikaandika kama nilivyolelewa. Anwani: KITI CHA TATU KUTOKA MLANGONI. Tarehe. KWA MHESHIMIWA BWANA MENEJA. POKEA SALAMU NYINGI KAMA NYUZI ZA KIONDO CHA UKAMBANI. (Nilibadilisha mfano ili nisitambulike. Werevu!) NATUMAINI U BUHERI WA AFYA. HOFU NA MASHAKA NI KWAKO. Kisha, ukurasa wa tatu, nikalipua: WEWE NI MZEE USIYEJUA KIJANI WALA CHUNGWA, NA TAI ZAKO ZOTE NI MBAYA, SAMAHANI KWA KUSEMA HIVYO, NISALIMIE MAMA NYUMBANI.

Nikabonyeza. Nikakimbilia kitini pangu. Nikashusha pazia.

Muturi alirudi na andazi mkononi. Akatazama. Akauliza nani aliyemwandikia salamu. "Buheri? Mimi? Jamani, buheri ni nini? Ni ugonjwa?"

Watu wote wanasema Muturi ameokoka. Stoo wamemsifu. Hakuna aliyebonyeza kitufe aendelee! Nimemtukana meneja kwa jina la adui yangu, na adui yangu anapongezwa kwa malezi mema.

Subira. Bomu lipo. Lipo ukurasa wa tatu.

Alhamisi, 17 Septemba

Bwana Nyamai hakutoka ofisini kutwa. Kupitia kioo nilimwona amesogeza uso kwenye skrini yake. Anasoma. Anasoma mpaka mwisho, namjua, ni mtu wa dini.

Bi. Beldina alipita karibu nami, akainama, akaniambia kwamba kuna mtu mmoja tu katika jengo hili anayejua kuandika "taadhima". Akaenda zake.

Sikuandika "taadhima" jana! Au niliandika? Niliandika. Kwenye mstari wa tano. Yesu wangu.

Tata ameshanunua unga wa maandazi.

Ijumaa, 18 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu, ingawa nataka kuruka.

Bwana Nyamai alituita mimi na Muturi pamoja. Bi. Beldina alikuwa amesimama kando ya dirisha.

Akasema kwanza kuhusu skrini. Hazitabadilishwa. Zitabaki za kijani, isipokuwa ile moja ya chungwa, na mwenye kuumwa macho atapewa pazia la nailoni kama la Naftaly. Makao makuu wamefurahi sana kwa simu. Wazo langu!

Kisha akavua tai. Akasema kwamba macho yake yana shida tangu mwaka jana, na aliona haya kuvaa miwani, kwa sababu kwenye mkutano wa makao makuu huwacheka wanaozeeka. Herufi ndogo za Ubao hazioni. Kijani hazioni, chungwa hazioni. Katika ofisi nzima kuna mtu mmoja tu aliyemwandikia kwa herufi anazoweza kuzisoma, na ambaye, badala ya kubishana rangi, aliandika kwamba ana hofu na mashaka kwa ajili yake. "Wengine wote mlikuwa mkijadili macho yenu," akasema. "Huyu aliuliza yangu."

Muturi akatazama viatu vyake.

Na bado! Akamgeukia Muturi akamwambia kwamba Jumatano alikuwa ameshaamua kumfukuza kwa ule upuuzi wa tai. Kisha akasoma salamu za alasiri, akajua mara moja kwamba si za Muturi, maana Muturi hajawahi kumsalimia hata mlangoni. Ni mwenzake aliyeandika kwa jina lake, ili kumfunika aibu. "Mtu anamwombea radhi mshindani wake! Nimefanya kazi miaka mingi, sijaona."

Nikatazama dari kwa unyenyekevu.

Kwa hiyo: Muturi amethibitishwa kuwa karani wa hesabu, na meza yenye skrini ya chungwa ni yake. Na mimi nimethibitishwa kuwa karani wa Bwana Nyamai mwenyewe! Kazi ya kudumu! Nitaandika barua zake zote na kumsomea zinazoingia.

Nje ya mlango Muturi alinishika mkono, hakuuachia. Macho yalikuwa mekundu. Akasema mama yake kule Dandora anamtegemea yeye tu, na kwamba mimi ni ndugu yake kuanzia leo, na Jumatatu chakula cha mchana ni juu yake. Nikamwambia hapana neno. Anataka nini huyu?

Kisha nikamfuata Bi. Beldina chumbani kwake. Nilitaka kujua, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, ni nani aliyefika ukurasa wa tatu. Akacheka mpaka sweta likaanguka. Akasema Ubao hauna ukurasa wa tatu. Hauna hata wa pili. Unabeba skrini moja, na kinachozidi kinapotea, hakuhifadhiwi kitu. Ndiyo maana siku ya kwanza alituambia tuseme kwa ufupi. Akaniuliza kwani nilikuwa nimeandika nini huko.

Nikasema ni salamu zaidi.

Jumapili, 20 Septemba

Kina mama walijaa nyumba mpaka wengine wakaketi kitandani kwangu. Maandazi mawili mawili. Tata akaniombea mkono ukiwa kichwani, akasema Mungu amewaangusha adui zangu. Amina kubwa.

Amina ile imenitia mawazo. Adui yangu hajaanguka. Ana skrini ya chungwa.

Jumatatu, 21 Septemba

Meza mpya, ndani ya ofisi ya meneja! Bwana Nyamai amekuja na miwani. Inampendeza. Nimemwambia hivyo, naye akasema mm, na sasa naijua ile "mm".

Mezani pangu hakuna skrini. Kuna taipureta, ya chuma, nzito kama mlango wa kanisa. Utepe wake una rangi mbili, nyeusi na nyekundu. Mpokea simu ameshasema nyeusi ndiyo ya heshima. Nitamtazama kwanza Bwana Nyamai.

Mchana Muturi alinitafuta kwa ajili ya kile chakula. Alikuwa ameninunulia mbuzi wa kuchoma. Alitabasamu tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna mtu mwaminifu anayetabasamu hivyo. Anaitaka meza yangu!

Nimeumizwa pia na habari ya Bi. Beldina. Kurasa zangu zote za pili na za tatu, sentensi nilizozipanga kwa uangalifu ule, zimemezwa na mashine. Ile ya rangi ya walevi! Ile ya tai! Hasara kubwa kwa lugha.

Lakini karatasi ni kitu kingine. Karatasi haimezi kitu. Unachokiandika ukurasa wa tatu kinabaki ukurasa wa tatu, na Bwana Nyamai, kwa miwani yake mipya, atasoma hata alama za nukta.

Kwa hiyo, alipotoka kwenda benki, nimeketi nikamwandikia waraka wa kummaliza Muturi. Herufi kubwa tupu. Anwani, tarehe, salamu, hofu na mashaka. Sikuweka jina langu chini, nimeweka la Muturi. Nimemkumbusha Bwana Nyamai, kwa nyekundu, kila kitu nilichosema kuhusu tai zake, maana mara ya kwanza hakukipata.

Kurasa nne. Nimeziweka juu ya meza yake, chini ya miwani yake ya jua.

Nasikia viatu vyake kwenye ngazi. Atafurahi sana!